Dawa Zilizobaki Majumbani Kisumu

Sheria ya Dawa na Sumu, iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 1957, iliunda bodi ya kuwasimamia watengenezaji na wauzaji wa dawa, lakini uzito wake ulikuwa dukani, si katika nyumba ambamo vidonge vilibaki mgonjwa akishapona. Mjini Kisumu pengo hilo lilikuwa kubwa, kwa kuwa malaria haijapata kuuhama mwambao wa Ziwa Victoria na dawa za homa huwekwa akiba.

Akiba hiyo ilipitwa na wakati kila tiba ilipobadilishwa. Mwaka 1998 klorokwini, ambayo vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea hata isiviue tena, hali iitwayo usugu, ilipisha sulfadoksini-pirimethamini, nayo kuanzia mwaka 2006 ikapisha dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Vidonge vilivyosalia katika bahasha za karatasi, pamoja na chupa za dawa ya maji zilizoachwa nusu mtoto alipopata nafuu, vilikuwa na njia chache za kutoka nyumbani: moto wa uani, choo cha shimo, au jaa la Kachok, lililopokea taka za mji tangu miaka ya 1970 na ambako waokota taka walizichambua kwa mikono.

Choo huonekana salama kuliko vyote, na hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda maji ya ardhini hayako mbali na watu huyateka katika visima vifupi vilivyo jirani na vyoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta katika maji machafu ya Kisumu masalia ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, na ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Ni haki kukiri kwamba dawa nyingi hufika majini kupitia mkojo wa wanaozitumia, jambo lisiloepukika; zinazotupwa zikiwa nzima zinaepukika kabisa.

Mwenye dawa zilizokwisha muda azirudishe kwa mfamasia au hospitalini, zikateketezwe katika tanuru la joto kali, na serikali ya kaunti iifanye kazi ya kuzipokea kuwa wajibu wa kila zahanati ya mwambao.