Wapagazi Waliotua Mizigo

Mwaka 1896 dhahabu ilionekana katika kijito kiingiacho mto Klondike, kaskazini-magharibi ya Kanada. Habari zilipoenea, watu maelfu kwa maelfu waliacha kazi zao wakaifuata. Wengi walipitia Alaska, katika njia ya mlimani iitwayo Chilkoot. Askari wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila akiba ya kumtosha mwaka mzima. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mizigo ya karibu tani moja, naye alipanda na kushuka mara nyingi mno hata kuimaliza. Usistaajabu basi, msomaji, kwamba siku moja ya kupumzika ilihesabiwa kuwa hasara.

Wenyeji wa nchi ile, Watlingit, walikuwa wakiitumia njia hiyo kwa biashara tangu zamani, na sasa walipata ujira mzuri kwa upagazi. Mwanzoni mwa Aprili 1898 ilianguka theluji nyingi, nzito, yenye maji, na hewa ilikuwa imeanza kupata joto. Wapagazi wakaitazama miteremko, wakakataa kupanda, ijapokuwa ujira uliwapotea. Waliwaonya wageni pia. Wengi hawakusikia.

Yafaa uelewe hofu yao ilitoka wapi. Theluji hukaa mlimani tabaka juu ya tabaka, mfano wa mikeka iliyotandikwa. Baridi kali inapokwisha, joto huiyeyusha ya juu, maji yakapenya ndani, na tabaka zikaacha kushikana. Hapo uzito kidogo tu watosha kuiporomosha yote. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana ile iliyosimama kupita hiyo haiwezi kulimbika theluji nyingi. Wapandaji wa siku hizi, jua linapoanza kupata nguvu baada ya majira ya baridi, huondoka kabla ya mapambazuko, theluji ingali imeganda, wakawa wameshuka kabla ya adhuhuri.

Jumapili ya Matawi, tarehe 3 Aprili, mlima uliporomoka, tena si mara moja. Wafanyakazi wa mtambo wa kamba wa kupandishia mizigo walikuwa wameamua kukimbia, lakini wamechelewa. Walishuka bondeni wakiongozwa na kamba, wasipotezane katika dhoruba, na theluji ikawaangukia humo humo njiani.

Watu wakaja mbio na makoleo. Sauti za waliozikwa zilisikika kutoka chini, kisha moja baada ya moja zikanyamaza. Leo tunajua kwamba aliyefunikwa ana tumaini kubwa akitolewa katika dakika 15 hivi. Baadaye hewa humwishia. Kwa sababu hiyo wapandaji hubeba chombo kidogo cha redio cha kutoa ishara, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na koleo. Watu wa Chilkoot walikuwa na koleo tu.

Waliokufa walikuwa kama 65. Wengi walizikwa Dyea, pwani, mahali safari ilipoanzia, na makaburi mengi huko yana tarehe ile moja.