Rahman Baba, mshairi wa kando ya Peshawar

Mwaka aliozaliwa Abdur Rahman haujulikani kwa hakika. Wengi hukisia miaka ya 1650, katika kijiji cha Bahadur Kalay, karibu na Peshawar, enzi za wafalme wa Mughal. Mshairi mwenzake wa Kipashto, Khushal Khan Khattak, aliyefariki 1689, alikuwa chifu: vita vyake, kifungo chake na uadui wake na mfalme Aurangzeb vinajulikana, tena mengi kayaandika mwenyewe. Rahman, mtu wa kabila la Mohmand, hakuwa na jeshi wala hazina. Mtu wa namna hiyo hafuatwi na waandishi wa habari za wafalme, ndiyo maana maisha yake hutafutwa ndani ya mashairi yake.

Shairi moja lataja vifo vya Gul Khan na Jamal Khan vya mwaka 1711. Kwa hiyo mwaka huo bado alikuwa hai. Mengine yanamsema fukara, na wasomaji wengi wameyapokea hivyo hivyo. Mimi huyasoma kwa tahadhari kidogo, kwani kwa Wasufi ufakiri ni daraja pia, si njaa tu. Na fukara huyu alikuwa amesoma: anaijua sheria, anaijua njia ya Wasufi, kwa hiyo aliwahi kukaa mbele ya mwalimu. Ila elimu hiyo aliitia katika Kipashto chepesi, na wasiojua kusoma wakayahifadhi mashairi yake kwa moyo.

H. G. Raverty, ofisa Mwingereza aliyechapisha tafsiri za washairi wa Kiafghani mwaka 1862, alisimuliwa kwamba Rahman alijitenga na watu, hata mamullah wakamshutumu kwa kutoonekana msikitini, na ikambidi arudi kuswali jamaa. Alisimuliwa pia kwamba mshairi alikuwa akiwagawia marafiki nakala za mashairi yake. Wawili kati yao waliyakusanya kwa siri, kila mmoja kivyake, kisha wakachomeka na beti zao dhaifu. Kama ni kweli, ndiyo sababu diwani yake ilifika kwa sura mbili. Nakala za mkono ziliendelea kuzunguka hadi 1877, mmisionari T. P. Hughes alipoichapisha Lahore.

Kaburi lake liko Hazarkhwani, pembeni mwa Peshawar, ambako watu huja kumwimba kwa rubab. Tarehe 5 Machi 2009 wanamgambo walililipua. Kabla ya hapo walikuwa wameonya kwamba wanawake wasizuru pale. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2012. Kila majira ya kuchipua washairi wa Kipashto hukutana hapo kusomeana tungo zao mpya.