Otomati: safari ya ubongo wa mashine hadi bonde la Lualaba

KINDU, Maniema – Pampu ya maji ikisimama, swali la kwanza mtaani huwa moja: mazutu yameisha, ama umeme umekatika? Mara nyingi jibu ni mojawapo ya hayo mawili. Lakini kuna siku ambapo umeme upo, mota ni nzima, waya hazijaungua, na bado mashine haiendi. Siku hiyo fundi hufungua kabati la chuma lililo ukutani na kutazama kisanduku chenye taa ndogo za kijani na nyekundu. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa hukiita otomati. Ndani yake mna moduli ya prosesa, yaani sehemu inayoamua mashine ianze lini, isimame lini, na ikatae kuanza kwa sababu gani.

Historia ya kisanduku hicho inawahusu watu wa Maniema kuliko wengi wanavyodhani. Inapita karibu na reli ya Kindu, migodi ya Kalima, mto Ruzizi na dhahabu ya Namoya. Inaihusu pia kila familia iliyolazimika kuacha nyumba na kazi, kwa sababu mashine inaweza kubaki na chuma chake chote na bado ikafa, ikiwa imesahau kazi yake na hakuna aliyebaki na kumbukumbu.

Enzi ya mkono na sikio

Mashine kubwa za kwanza kufika hapa zilikuwa za mvuke. Kampuni ya reli iliyojulikana kama CFL iliundwa mwaka 1902 na tajiri wa Ubelgiji, Édouard Empain, na kwa muda mrefu mji wa Kindu uliitwa pia Port-Empain. Reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, ambazo leo ni Kisangani na Ubundu, ilimalizika mwaka 1906. Kutoka Ubundu abiria na mizigo walipanda Lualaba kwa meli hadi Kindu, na kufikia mwaka 1911 reli ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa imekamilika.

Katika garimoshi la mvuke, ubongo wa mashine ulikuwa kichwani mwa dereva. Yeye ndiye aliyesikia mlio uliobadilika, akatazama kipimo cha mvuke, akavuta mpini kwa wakati wake. Dereva akiondoka, maarifa yaliondoka naye. Hata hivyo kijana aliyesimama kando yake miezi mingi aliweza kujifunza, kwa kuwa kila kitu kilionekana kwa macho: moto, maji, mpini, gurudumu.

Enzi ya rele

Umeme ulileta shida mpya. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya Symetain kwa ajili ya bati ya Maniema, na Kalima ikawa kitovu cha kazi hiyo. Migodi ilihitaji umeme, ndipo maporomoko ya mito ya huko yakatumiwa. Kituo cha Lutshurukuru ni mtoto wa zamani hizo. Upande wa Bukavu, kituo cha Ruzizi ya kwanza kilianza kazi mwaka 1958.

Mota ya umeme huungua kwa dakika chache ikizidiwa, kabla mtu hajakimbia kuizima. Kwa hiyo mafundi walitumia rele. Rele ni koili ya waya inayogeuka sumaku umeme ukipita, ikavuta kijichuma kinachofunga ama kufungua njia nyingine ya umeme. Rele moja husema jambo moja tu. Ukitaka pampu ianze tangi likipungua, isimame likijaa, isimame pia mota ikipata joto kali, na isianze kama mlango wa kinga uko wazi, kila “ikiwa” inadai rele yake na waya zake. Kiwanda kikubwa kilikuwa na mamia ya rele katika makabati yaliyojaa waya kama nywele zisizosukwa.

Rele zilikuwa na adui wengi: vumbi, unyevu wa msitu, wadudu wanaojenga ndani ya kabati, na vichuma vinavyoungua kila vinapogusana. Lakini zilikuwa na wema mmoja mkubwa. Kindu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa Simba mwezi wa Julai 1964, na kurudishwa na serikali Novemba mwaka huo, watu wengi walikimbia na kazi nyingi zikasimama. Katika mashine ya rele, hata mchoro wa karatasi ukipotea, fundi mvumilivu anayefika baadaye anaweza kufuata waya mmoja baada ya mwingine mpaka aelewe mashine inavyofikiri. Maarifa yake yamefungwa kwenye waya, na waya haisahau.

Mwaka 1968, Marekani

Viwanda vya magari vya Marekani ndivyo vilivyochoka kwanza na waya hizo. Kila aina mpya ya gari ilipoingia, mafundi walilazimika kubomoa makabati ya rele na kuyafunga upya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors kiliomba kifaa cha kielektroniki kinachoweza kubadilishiwa kazi bila kubadilishiwa waya. Jibu lililoshinda lilitoka katika kampuni ndogo ya Massachusetts, Bedford Associates, alikofanya kazi mhandisi Dick Morley. Kifaa chao kiliitwa 084, kwa sababu kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo, na cha kwanza kilifika General Motors mwaka 1969. Kampuni iliyozaliwa kukiuza iliitwa Modicon.

Waliokibuni walifanya jambo la busara. Hawakumlazimisha fundi umeme ajifunze lugha ya wataalamu wa kompyuta. Programu iliandikwa kwa mchoro unaofanana na ule wa rele, wenye nguzo mbili na vidato katikati, ndiyo maana ikaitwa lugha ya ngazi. Fundi aliyejua rele aliisoma siku ya kwanza. Kampuni nyingine zilifuata, zikiwemo Allen-Bradley ya Milwaukee na Siemens ya Ujerumani, na katika miaka ya 1970 prosesa ndogo za kielektroniki zilipunguza ukubwa na bei ya vifaa hivyo.

Kufika kwetu

Nchini Zaire, miaka ya 1980 ilifungua mlango wa uongozi wa kielektroniki. Njia ya umeme ya Inga–Shaba, yenye urefu wa karibu km 1,700, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo. Umeme wake hugeuzwa kwa vali za kielektroniki zinazowashwa kwa wakati uliopimwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kazi ambayo mkono wa mtu hauwezi. Ruzizi ya pili, mali ya pamoja ya Zaire, Rwanda na Burundi, ilianza mwaka 1989, wakati otomati zilikuwa tayari zimeenea duniani katika vituo vya umeme, maji na viwanda.

Maniema haikupata nafasi ya kufuata kwa hatua sawa. Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za migodi za Kivu na Maniema, ilipigwa na kuporomoka kwa bei ya bati duniani mwezi wa Oktoba 1985. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za jimbo rele za wazee ziliendelea kufanya kazi, huku mashine mpya zikifika moja moja, zikiwa na ubongo wake ndani: jenereta, pampu, na viwanda vya madini.

Mfano mkubwa zaidi ni Namoya, katika eneo la Kabambare, ambako kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu mwanzoni mwa mwaka 2016. Viwanda vya aina hiyo, vyenye mikanda ya kubeba mawe, vinu, pampu na matangi ya dawa, duniani kote huongozwa kwa otomati.

Kuiweka moduli mahali pake

Fundi anayebadilisha moduli ya prosesa huanza kwa kuandika kabla ya kugusa: namba ya moduli, nafasi yake katika reki, na jinsi vijiswichi vyake vidogo vilivyopangwa. Anahakikisha ana nakala ya programu. Kama ya zamani bado inaongea na kompyuta, anaitoa nakala hapo hapo.

Kisha umeme wote wa reki unazimwa na kufungiwa, ili mtu mwingine asiuwashe. Ni vizuri fundi avae ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, ama walau aguse kwanza chuma chenye waya wa ardhi, kwa sababu cheche ndogo ya mwilini, ambayo yeye haisikii, inaweza kuua prosesa. Moduli mpya hupangwa vijiswichi kama ile ya zamani, ikaingizwa polepole katika reli zake mpaka ikae kabisa. Ikikataa kuingia, haisukumwi kwa nguvu. Huenda nafasi si yake ama pini imepinda.

Umeme unarudishwa ufunguo ukiwa upande wa programu, kabla ya kuruhusu kazi. Programu inapakiwa. Mota zinaachwa zimekatwa huku fundi akigusa kila kitambuzi na kutazama taa yake. Ni baada ya hapo tu ufunguo hugeuzwa upande wa kazi, na watu wote wakiwa mbali na mikanda na magurudumu.

Taa zinasema nini

Taa zote zikiwa zimezima, fundi hasemi prosesa imekufa. Anapima fuzi na moduli ya umeme kwanza. Taa nyekundu ya hitilafu ikiwaka, prosesa yenyewe imegundua kosa na kuliandika kwa namba, na namba hiyo husomwa kwa kompyuta kabla ya kufuta chochote. Anayefuta kabla ya kusoma amefuta ushahidi.

Taa ya kijani ya kazi ikiwaka na mashine bado imesimama, mara nyingi ubongo ni mzima. Unangoja habari kutoka nje: boya la tangi limekwama, swichi ya mlango imelegea, ama mtu alibonyeza kitufe cha dharura asubuhi na hakukirudisha. Mafundi wazoefu hujua kwamba kasoro nyingi ziko nje ya prosesa, katika waya na vitambuzi. Na kasoro inayokuja na kuondoka hutafutwa kwenye waya wa ardhi, skurubu zilizolegea, joto la kabati, na jenereta isiyoshika volti yake.

Betri na nakala

Kuna taa moja ndogo ambayo wengi huipuuza: ya betri. Katika otomati nyingi za zamani programu hukaa katika kumbukumbu inayoishi kwa umeme, na betri ndogo ndiyo huishika pale umeme unapokatika. Kwa hiyo katika mashine nyingi za aina hiyo betri hubadilishwa reki ikiwa na umeme. Aliyezima kwanza kwa nia njema anaweza kukuta prosesa tupu. Mashine za siku hizi huhifadhi programu katika kumbukumbu isiyohitaji betri ama katika kadi, lakini nazo huungua, huibwa na kulowa maji.

Hapa ndipo vita hukutana na kisanduku. Mwaka 2019 kazi ya Namoya ilisimama kwa sababu ya usalama, na watu wa upande wa Salamabila wameonja kukimbia zaidi ya mara moja. Popote kiwanda kinapofungwa ghafla, umeme huzimwa, betri huanza kuhesabu siku zake, na mhandisi huondoka na kompyuta yenye nakala pekee. Baada ya mwaka ama miwili mashine hupatikana palepale, mota zake nzima. Lakini prosesa ni tupu, na hakuna waya wa kufuata kama zamani za rele, kwa kuwa mawazo ya mashine hayakuwa kwenye waya tena.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Programu ichapishwe kwenye karatasi, pamoja na jina la kila waya unaoingia na kutoka, ikafungwe katika mfuko wa plastiki ndani ya kabati. Nakala ya kompyuta iwekwe mahali pawili vilivyo mbali: kazini, na katika mji mwingine. Tarehe ya betri iandikwe kwenye mlango wa kabati. Na fundi asiwe mmoja. Kijana wa shule ya ufundi asimame kando yake, kama yule wa zamani aliyesimama kando ya dereva wa garimoshi.

Familia inapokimbia hubeba godoro, sufuria na vyeti vya watoto. Fundi naye hufika Kindu na miaka ya kazi kichwani, ingawa mikono yake ni mitupu na hakuna anayemwuliza alifanya nini alikotoka. Wanaoandika majina ya waliofika wakiongeza swali hilo moja la kazi, huenda pampu iliyosimama Kasuku, Mikelenge ama Alunguli ikampata mtu anayejua kusoma taa zake.