Nani Atamwitikia Msimulizi?

Muda mrefu kabla kitabu cha kwanza hakijafika katika vilima vya Burundi, mtoto wa huku alikuwa na kazi yake katika hadithi, nayo ilikuwa kuitikia. Jioni, ng'ombe wakishaingia na moto ukishawaka, bibi alisema "Sokwe!" na watoto wakajibu kwa sauti moja, "Niruze!" Wasipojibu, hakuendelea. Vitendawili vilipokwisha zilifuata ibitito, ngano ndefu zenye wimbo ndani yake. Bibi ndiye aliyesimulia, lakini wimbo ulikuwa wa watoto. Waliudaka kila ulipofika, na ngano iliwasubiri mpaka waumalize ndipo isonge mbele. Aliyesinzia alijulikana mara moja, kwa kuwa sauti yake ilikosekana kwenye kiitikio.

Mimi ni mwandishi wa vitabu vya watoto, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Nilizaliwa Gitega, nikaolewa Muyinga, na shule za miji hiyo miwili ndizo nilizozizoea kuliko nyingine zote, nikizipitia na mfuko wa vitabu begani. Watu huniuliza kwa nini watoto wetu hawapendi kusoma. Huwajibu kwa historia, maana naamini jibu limo humo: kitabu kilipoingia nchini kilimkuta mtoto ana kazi katika hadithi, kikamwondolea. Waliofaulu kuwavuta watoto, tangu wakati ule hadi leo, ni wale waliomrudishia kazi hiyo.

Kitabu kililetwa na Mapadri Weupe. Misheni yao ya Muyaga ilianza 1898, na ile ya Mugera, isiyo mbali na Gitega, ikaanza 1899. Wajerumani walikuwa wameweka kituo cha jeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Ilipofika 1912 wakahamishia makao ya utawala Gitega, katikati ya nchi. Nyuma ya boma walifuata askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, na mtaa wa Waswahili ukakua palepale. Upande wa Muyinga, biashara na majirani wa Tanganyika ilifanya vivyo hivyo, na hadi leo malori yanayovuka mpaka wa Kobero hufika na madereva na matingo wanaokizungumza. Kwa hiyo mtoto wa mjini Gitega au mtoto wa sokoni Muyinga alikuwa na milango miwili ya kuingilia hadithini. Kwa bibi yake aliitikia "Niruze!" Kwa jirani Mswahili aliitwa "Kitendawili!" akajibu "Tega!", kisha akasimuliwa visa vya Abunuwasi na sungura mpaka usiku ukakomaa.

Mapadri walikifanyia Kirundi kazi kubwa. Mwaka 1903 Padri J. M. M. van der Burgt alichapisha kamusi yake ya Kifaransa na Kirundi, na lugha iliyokuwa ya mdomo tupu ikaanza kuwa na maandishi. Lakini kitabu kilichomfikia mtoto mkononi kilikuwa katekisimu. Humo swali limechapwa, na jibu limechapwa chini yake. Mtoto hulishika neno kwa neno, akiulizwa hulitoa kama lilivyo. Mbele ya kitendawili hali ilikuwa tofauti kabisa. Mtoto alijaribu jibu la kwanza, akakosea, wenzake wakacheka, akajaribu la pili. Akishindwa alimpa mtegaji mji wa kutawala, kisha akaambiwa jibu. Kukosea kulikuwa sehemu ya mchezo. Katika katekisimu kukosea kulikuwa kushindwa, na mtoto akajifunza kukaa kimya mpaka awe na hakika.

Sisemi haya kwa kuwabeza wamisionari. Shule zao ndogo za vilimani, zilizoitwa Yaga Mukama, ziliwafundisha kusoma na kusali watoto wengi ambao wasingepata nafasi katika shule kamili. Mama yangu alizijua herufi huko, kwenye kikanisa cha nyasi, na alisoma mpaka uzeeni. Gazeti la Ndongozi, lililoanzishwa na Kanisa mwaka 1940 kwa Kirundi, lilipata wasomaji kwa sababu shule hizo zilikuwa zimekwisha kuwaandaa. Hata hivyo mama alikuwa mtu wa namna mbili. Akisimulia, aliimba na kutuchokoza. Akishika karatasi, alikaza uso na kututaka tutulie. Kwake hadithi na kusoma vilikuwa mambo mawili, na hakuwa peke yake.

Ngano zenyewe zilipoanza kuandikwa, ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Padri Jean-Baptiste Ntahokaja, mtaalamu wetu mkubwa wa Kirundi, alikusanya ngano katika kitabu chake Imigani, Ibitito, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1977. Bila yeye na wakusanyaji wenzake, nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe. Lakini kitabu kile kilikaa kwenye rafu za chuo kikuu, na kilikuja miaka mitano tu baada ya 1972, mwaka ambao nchi ilipoteza walimu na wanafunzi wa sekondari wasiohesabika katika mauaji. Huku Gitega aliuawa Padri Michel Kayoya, mshairi, mmoja wa waandishi wetu wa mwanzo waliosomwa nje ya nchi. Nyumba nyingi zilibaki bila wa kusoma na bila wa kusimulia. Wengine walivuka kwenda Tanzania, na watoto waliozaliwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisomea shule za Kiswahili. Walipoanza kurudi kwa wingi kuanzia 2008, walirudi na hadithi za shule hizo vichwani. Nimekutana na walimu kadhaa wa namna hiyo, na ndio wasiosita kuimba mbele ya darasa.

Sauti ndiyo iliyotangulia kurudi, ikapitia redioni. Vita vilivyoanza 1993 vilikuwa vimewatenga majirani. Mwaka 1995 ikaanzishwa Studio Ijambo, na mwaka 1997 ikaanza kutoa mchezo wa Umubanyi niwe muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, mtunzi wa tamthilia na msimulizi wa jukwaani. Ulihusu familia mbili za jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, na uliendelea kwa mamia ya vipindi. Saa yake ilipofika, redio iliwekwa juu ya kigoda na watu wakaizunguka. Watoto hawakuandikiwa mchezo ule, lakini walikuwepo. Walijibizana na wahusika, waliwaonya, walikisia yatakayotokea kesho, na asubuhi waliyaigiza njiani wakienda kuchota maji. Sibazuri aliwaonyesha waandishi wa Burundi kwamba hadithi iliyotungwa mezani, kwa kalamu, inaweza kuitikiwa na nchi nzima.

Majirani zetu nao walikuwa wakitafuta njia. Tanzania ilianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, na vitabu vya Kiswahili vikaanza kuandikwa kwa ajili ya mtoto mwenyewe, mbali na mtihani wake. Rwanda ilipata Éditions Bakame mwaka 1995, nyumba ya uchapishaji ya watoto kwa Kinyarwanda, ambayo mwaka 2008 ilipata tuzo ya IBBY-Asahi ya kuhimiza usomaji. Vitabu vya kwanza vya picha nilivyowahi kuwasomea watoto Muyinga vilitoka Dar es Salaam, vimepakiwa katika begi la msafiri kati ya vitenge.

Kisha shule zikafurika. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa wakaja wote kwa pamoja. Katika miaka hiyohiyo Kiswahili na Kiingereza viliongezwa kwenye madarasa ya mwanzo, kando ya Kirundi na Kifaransa. Mtoto wa darasa la kwanza akawa na lugha nne na, mara nyingi, kitabu kimoja kwa benchi zima. Hapo ndipo vitabu vikawa mali ya kulindwa. Katika shule moja niliyoifikia, vitabu vya hadithi vilivyotolewa na wahisani vilikuwa kwenye kabati la chuma, vingine havijafunguliwa hata plastiki yake. Funguo alikuwa nazo mtu aliyesafiri. Mwalimu aliniambia, "Mama, kikipotea kimoja, kinadaiwa kwetu." Nilimwelewa. Lakini watoto walikuwa wanasoma kurasa zilezile za kitabu cha kiada, hatua tatu kutoka kwenye kabati hilo.

Tangu siku hiyo siendi shuleni kugawa vitabu tu. Nakwenda kusoma nao. Gitega huanza na kitendawili nilichokitunga mwenyewe: "Amevishwa ngozi ya mwingine, hasemi mpaka apigwe." Mji huu uko kilomita chache kutoka Gishora, patakatifu pa ngoma palipoanzishwa na Mwami Ntare Rugamba, panapotunzwa ngoma Ruciteme na Murimirwa; ngoma hizi za kifalme UNESCO ilizitambua mwaka 2014. Hata hivyo jibu halitoki mara moja. Huja kwanza "mbuzi", huja "mtoto mkaidi", na darasa huangua kicheko. Ikishatajwa ngoma, nafungua kitabu. Nasoma mpaka mahali ambapo mambo yamekwama, nakifunga kidole kikiwa ndani, nauliza, "Ungekuwa wewe?" Wanabishana kwa Kirundi, mmoja anachomeka Kiswahili, mwingine anasimama kuigiza. Nikikifungua tena kitabu, hakuna anayehitaji kuambiwa anyamaze. Mvulana mmoja aliwahi kuniambia mwandishi amekosea, kwamba fisi asingeweza kufika mtoni kabla ya sungura. Hakujua kwamba mwandishi ni mimi. Nilimwomba anieleze, akanichorea njia ubaoni kwa chaki. Toleo la pili la kitabu lina njia yake.

Muyinga, ambayo tangu 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, ina jengo ambalo kila mwandishi wa watoto angependa kuliona. Ni maktaba iliyomalizika 2012, sehemu ya kwanza ya shule jumuishi kwa watoto viziwi, iliyojengwa na ODEDIM, shirika la maendeleo la jimbo katoliki, pamoja na wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa. Boriti ni za mikaratusi, vigae vya paa vimefinyangwa na kuchomwa hukuhuku. Mbele pana baraza ndefu, mahali ambapo Warundi hukutana mvua ikinyesha au jua likiwaka. Ndani, juu karibu na paa, umetandazwa wavu mpana wa kamba za mkonge zilizosokotwa kwa mikono, na watoto hupanda wakajilaza juu yake kusoma. Aliyewaza kuuweka alijua kwamba mtoto husoma kwa mwili mzima.

Nilipokaa na watoto viziwi wa Muyinga kwa mara ya kwanza, sikujua nitawaitaje. Mwalimu wao wa lugha ya alama aliwauliza wenyewe. Wakaamua: msimulizi akiinua mikono miwili, wao watapiga viganja kwenye benchi, wote kwa pamoja, ili kila mmoja auhisi mtetemo mapajani. Nikainua mikono, mbao zikatikisika. Mwalimu akakitafsiri kwa alama kitendawili changu cha ngozi isiyosema mpaka ipigwe. Msichana wa benchi la nyuma aliweka kiganja kifuani, akatulia kidogo, kisha akaanza kupiga hewa kwa mikono miwili, magoti yameinama, sawasawa na abatimbo, wapiga ngoma wetu, wanapoingia uwanjani. Wenzake walilipiga benchi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Baadaye walipanda kwenye wavu na vitabu, na hakuna aliyekuwa amewaagiza.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, waandishi hualikwa viwanjani kwenye hotuba na ngoma. Nakwenda kwa moyo wote, kwa sababu mtoto anapomwona mwandishi kwa macho hujua kwamba vitabu hutungwa na watu wanaoishi mitaani kama yeye. Ila siku moja kwa mwaka haimjengi msomaji. Anayemjenga ni mwalimu wake, aliye naye kila asubuhi. Ndiyo maana nawasihi wanaotunga mitaala wakiweke kisomo cha sauti katika vyuo vya ualimu kama somo la kufundishwa na kufanyiwa mazoezi: wapi pa kusita, wakati gani wa kuuliza, namna ya kulipokea jibu lisilo sahihi bila kumvunja mtoto. Nawasihi wakuu wa tarafa waandike wazi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakidaiwi kwa mtu. Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019 na ofisi zinajengwa kila upande. Mtoto wake naye atengewe baraza la kusomea, kama wa Muyinga alivyotengewa.

Vitabu vya kutosha kila mtoto vitachukua muda kupatikana. Lakini bibi zetu hawakuwa na hata kimoja, na waliwashika watoto wa kilima kizima usiku baada ya usiku. Darasa la watoto themanini linaweza kusoma kitabu kimoja kikiwa mkononi mwa mtu anayejua kuwashirikisha. Mwalimu mmoja, kitabu kimoja na dakika kumi za asubuhi havingoji bajeti ya mwakani.