Masomo Yasiyorukwa: Msingi na Uchaguzi katika Vyuo vya Kikatoliki vya Sanaa Huria Nchini Marekani

Chuo kidogo cha Kikatoliki nchini Marekani hujitangaza kwa orodha ya fani zake: biolojia, uhasibu, uuguzi, historia, falsafa na nyingine nyingi. Mzazi huisoma orodha hiyo akiwaza ajira, na uongozi wa chuo huipanga ukiwaza idadi ya watakaojisajili. Nashikilia kwamba thamani ya shahada ya kwanza katika chuo cha namna hii iko kwingine: katika masomo ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuyaruka, na katika jinsi masomo hayo yanavyomwandaa kutumia uhuru anaopewa baadaye.

Shahada huchukua miaka minne. Mwanafunzi anaweza kuingia bila kutangaza fani, na kwa kawaida huitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili, ingawa uuguzi na uhandisi hudai uamuzi wa mapema. Kabla ya hapo, na hata akiwa ndani ya fani yake, husoma ya lazima kwa wote: falsafa, teolojia, fasihi, historia, sayansi, mara nyingi na lugha ya kigeni. Juu ya fani kuu anaweza kuongeza fani ndogo, hata iliyo mbali kabisa na ile kuu. Kwa Mtanzania ambaye tahasusi ya kidato cha tano ilimfungia nusu ya milango angali kijana, au Mkenya aliyepangiwa programu moja kabla hajakanyaga chuo, utaratibu huu unaweza kuonekana kama kupoteza muda.

Lakini tunaye shahidi wa karibu. Mwaka 1960 Mkenya Wangari Maathai alikwenda Marekani katika safari za wanafunzi zilizosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya, akasoma Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. (Mwaka 1971 chuo hicho kiliungana na chuo jirani cha wavulana kikawa Benedictine College.) Alihitimu mwaka 1964: fani kuu biolojia, fani ndogo kemia na Kijerumani. Miaka michache baadaye alikuwa Nairobi, msaidizi wa profesa kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, kisha akaenda kufanya utafiti wa uzamivu Giessen na Munich. Sidai kwamba Kijerumani cha Kansas ndicho kilichompatia nafasi hiyo. Nadai kwamba mfumo unaomfunga mwanabiolojia ndani ya biolojia usingempa sababu yoyote ya kujifunza lugha hiyo, na kwamba hakuna mshauri ambaye mwaka 1962 angeweza kujua ingemfaa wapi.

Ugomvi kati ya msingi wa lazima na uchaguzi una historia ndefu. Wajesuiti walifundisha kwa mwongozo wao wa mwaka 1599, uliopanga nini kisomwe na kwa mfuatano gani. Charles Eliot, rais wa Harvard, alijenga mfumo wa kinyume chake, mwanafunzi ajichagulie karibu kila kitu. Mwaka 1899 aliandika makala akivitaja vyuo vya Wajesuiti sambamba na nchi za Kiislamu zinazofuata elimu ya Kurani, kama mifano ya mtaala uliogandishwa. Mjesuiti Timothy Brosnahan alimjibu mwaka uliofuata, akitetea wazo kwamba kijana asiyejua bado masomo yanahusianaje hana msingi wa kuchagua kati yake. Anayewajua wanazuoni wa Kiislamu wa Lamu na Zanzibar atatambua kwamba Eliot alidharau pande mbili kwa mpigo: kote kuwili, nahau na mantiki viliwekwa kwanza ili hoja iwezekane baadaye. Na Harvard yenyewe ilirudi nyuma. A. Lawrence Lowell, aliyempokea Eliot mwaka 1909, alirejesha masharti: mwanafunzi abobee katika eneo moja, na asambaze masomo mengine katika maeneo kadhaa.

Hata hivyo simfuati Brosnahan mpaka mwisho. Thomas Aquinas College cha California, kilichofunguliwa mwaka 1971, hakina fani kabisa: wote husoma vitabu vilevile kwa miaka minne, kutoka Euklide hadi Tomaso wa Akwino. Nakiheshimu. Lakini kuchagua nako ni zoezi la akili, na mtu hawezi kulijua zoezi asilowahi kulifanya. Saint Anselm, chuo cha Wabenedikto huko New Hampshire, kinanishawishi zaidi. Pale mwanafunzi wa uuguzi hukaa katika semina ileile ya mwaka wa kwanza anayokaa mwanafunzi wa historia, kisha kila mmoja hushika njia yake. Hoja kwamba maskini hawezi kumudu falsafa kwa sababu anahitaji kazi inakosa nguvu mahali ambapo muuguzi anapata vyote viwili.

Hatari iliyopo leo ni ya aina nyingine. Mwaka 2023 bodi ya Marymount, chuo kikuu cha Kikatoliki huko Virginia, ilipiga kura kufuta fani kadhaa, zikiwemo Kiingereza, historia, hisabati, falsafa na teolojia, huku ikiahidi kwamba kozi za msingi za masomo hayo zitabaki. Shinikizo ni la kweli: Holy Names cha Oakland kilifungwa mwaka huohuo, na Cabrini cha Pennsylvania mwaka uliofuata. Bado naona uamuzi wa Marymount ni kosa. Idara isiyo na wanafunzi wake yenyewe hukosa sababu ya kuajiri wataalamu, na kozi ya lazima inayofundishwa na mwalimu wa muda, asiye na mwanafunzi hata mmoja wa kumrithi, hunyauka hata kama jina lake limebaki kwenye ratiba.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni kwamba msingi huo mara nyingi umekuwa wa Ulaya tu. Ni kweli, na unahitaji kurekebishwa. Ila mabishano juu ya nini kisomwe na wote hayana pa kufanyikia katika chuo ambamo hakuna kinachosomwa na wote. Hazina ya mageuzi iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Augustino, anayesomwa katika karibu kila chuo cha Kikatoliki, alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, na anaweza kufundishwa kama Mwafrika aliyebishana na Roma. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, anaweza kusomwa kando yake katika muhula huohuo, juu ya swali lilelile la kwa nini dola huanguka.