Maswali ya wajawazito nchini Rwanda: Yapi ni ya kawaida na yapi hayasubiri kesho

Mwaka 2000, wanawake 1,071 walipoteza maisha nchini Rwanda kwa kila vizazi hai 100,000, kutokana na matatizo ya ujauzito au ya kujifungua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019-2020 ulionyesha kuwa idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 203. Ni hatua kubwa, iliyotokana na bima ya afya ya jamii, wajanama wa afya walioko katika kila kijiji, na mazoea ya kujifungulia katika vituo vya afya, ambako, kwa mujibu wa utafiti huo, walizaliwa watoto 93 katika kila 100.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulibaini kuwa ni asilimia 47 tu ya wanawake waliohudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi. Wengi hufika kituoni siku ya uchungu, lakini miezi iliyotangulia huipitisha kwa kuuliza majirani, mashangazi na wauza dawa. Matokeo yake ni kwamba mwanamke huweza kukosa usingizi kwa sababu ya kichefuchefu kisicho na madhara, kisha akavumilia kwa wiki nzima maumivu ya kichwa ambayo yangepaswa kumfikisha hospitalini siku hiyohiyo. Makala haya yanakusanya maswali yanayoulizwa zaidi na kutenganisha ya kawaida na ya hatari.

Kliniki ianze lini?

Mapema, mara mwanamke anapojua kuwa ni mjamzito, na kwa vyovyote kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mahudhurio manane, badala ya manne yaliyopendekezwa awali.

Wapo wanaosubiri hadi tumbo lionekane, ama kwa haya, ama kwa kuogopa jicho la watu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ina maana yake halisi: vipimo vya mwanzo ndivyo vinavyogundua upungufu wa damu, kaswende, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI wakati bado kuna nafasi ya kumkinga mtoto. Tangu mwaka 2012, Rwanda humwanzishia kila mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI dawa za kufubaza virusi kwa maisha yake yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Mama anayezimeza dawa hizo kila siku ana uwezekano mkubwa wa kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi.

Mume huombwa kufika katika hudhurio la kwanza ili naye apimwe. Lakini mwanamke aliyeachwa, mjane au asiye na mwenzi hapaswi kubaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Kichefuchefu na kutapika ni ugonjwa?

Kwa kawaida si ugonjwa. Huanza karibu na wiki ya sita na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kula kidogo kidogo mara nyingi, kuanza asubuhi na kitu kikavu kama mkate au kiazi cha kuchemsha kabla ya kuinuka kitandani, na kunywa chai ya tangawizi isiyo kali huwasaidia wengi.

Hali hubadilika pale mama asipoweza kubakiza hata maji tumboni, anapopungua uzito, au mkojo wake unapokuwa mchache na wenye rangi nzito. Huyo amepungukiwa maji mwilini na anahitaji kutundikiwa dripu.

Kwa nini vidonge vya madini ya chuma, na kwa nini choo huwa cheusi?

Damu ya mjamzito huongezeka ili kulisha mtoto na kondo la nyuma, na mwili unahitaji madini ya chuma kuitengeneza. Kiwango cha hemoglobini kikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, mama huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo akivuja damu wakati wa kujifungua, huwa hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kusimama tena, yeye humwangusha.

Kwa hiyo hupendekezwa kumeza kila siku kidonge chenye miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambayo pia humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo iwapo itaanzwa mapema. Choo kuwa cheusi ni athari ya kidonge, wala si dalili ya madhara. Kinachowafanya wengi waviache ni kufunga choo na kichefuchefu. Dawa yake ni maji ya kutosha, matunda, na kumeza kidonge usiku kabla ya kulala.

Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo, hivyo zisinywewe pamoja na kidonge wala chakula. Ndimu na machungwa huusaidia. Maharage, dodo, isombe na sambaza wa Ziwa Kivu ni vyakula vya kila siku vyenye kujenga damu.

Hamu ya kula udongo nayo mara nyingi huandamana na upungufu huo. Udongo hauongezi damu. Huweza kuleta minyoo na kuzuia chuma kilichomo katika chakula. Anayeutamani asione aibu kumwambia muuguzi, kwani huenda hamu hiyo ndiyo itakayofichua upungufu wake.

Kwa nini ndugu aliye Tanzania hupewa dawa za kuzuia malaria, na aliye Kigali hapewi?

Swali hili huzuka mara kwa mara katika familia zilizotawanyika kati ya Kigali, Mwanza, Kampala na Bukavu. Tanzania, Uganda na Kongo huwapa wajawazito vidonge vya SP kwa vipindi ili kuzuia malaria, hata kama hawaumwi. Rwanda iliacha utaratibu huo mwaka 2008, baada ya vimelea vya malaria kuonyesha usugu mkubwa dhidi ya dawa hiyo. Badala yake hutegemea chandarua chenye dawa ambacho mama hupewa kliniki, vipimo vya haraka, na matibabu ya mapema.

Kwa hiyo si muuguzi wa Kigali aliyesahau, wala si wa Mwanza aliyekosea. La muhimu ni kwamba mjamzito anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine abebe kadi yake ya kliniki, na aeleze amekwisha kupewa nini.

Homa yoyote katika ujauzito inahitaji kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Malaria humharibia mama damu, na ikijificha katika kondo la nyuma huweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wapo wanaoogopa dawa ya mseto katika miezi mitatu ya kwanza. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa artemeta na lumefantrini hata katika kipindi hicho. Kinachodhuru zaidi ni malaria isiyotibiwa.

Kuvimba miguu ni dalili ya presha?

Miguu kuvimba jioni, hasa kwa anayesimama kutwa sokoni au jikoni, ni jambo la kawaida katika miezi ya mwisho. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono ni jambo jingine.

Baada ya wiki ya 20, shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 au zaidi, na protini ikaonekana katika mkojo au viungo vingine vikaanza kuathirika, mama huwa yumo katika hali inayotangulia kifafa cha mimba. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni hana maumivu yoyote, na ndiyo maana mkono hufungwa kipimo cha presha katika kila hudhurio. Dalili zinapojitokeza, huwa ni maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu.

Hatua inayofuata ni degedege. Katika baadhi ya nyumba, mama anayekakamaa na kutoka povu huhesabiwa kuwa amepandwa na majini, na saa za kumwokoa hupotea katika kumsomea. Dua haikatazwi, lakini isomwe njiani kuelekea hospitalini. Dawa ya kuzuia degedege hilo, magnesiamu salfeti, ipo, na tiba kamili ni kumzalisha mama katika mikono ya wataalamu.

Mwanamke aliyewahi kupata hali hiyo, mwenye kisukari au mwenye presha ya tangu zamani aseme hivyo katika hudhurio la kwanza. Daktari huweza kumwanzishia aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 20.

Dawa za dukani, mitishamba na pombe

Kwa maumivu madogo na homa, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndiyo inayotangulizwa. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kama peremende, huepukwa hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu huweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Antibayotiki zisinunuliwe kwa kukisia.

Dawa za miti shamba ziitwazo inkuri hutumiwa na wanawake wengi wa Rwanda, baadhi kwa nia ya kuharakisha uzazi. Tatizo ni kwamba kipimo chake hakijulikani. Dawa inayokaza tumbo la uzazi kupita kiasi huweza kulipasua au kumkosesha mtoto hewa. Aliyekwisha kuitumia amwambie mkunga bila kuficha, kwani mkunga asiyejua anaweza kumwongezea dawa nyingine ya kazi hiyohiyo.

Kuhusu pombe, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, iwe ni bia ya kiwandani, urwagwa wa ndizi au ikigage cha mtama.

Funga ya Ramadhani

Kwa Waislamu wa Biryogo, Nyamirambo na kwingineko, swali hili hurudi kila mwaka. Sheria ya dini humruhusu mjamzito au anayenyonyesha kuacha funga anapohofia madhara juu yake au juu ya mtoto, kisha siku hizo zikalipwa baadaye. Wanazuoni hutofautiana kuhusu fidia, na hilo ni la kumuuliza sheikhe. Upande wa tiba, mwenye upungufu wa damu, kisukari, presha, au anayetapika sana hashauriwi kufunga. Mwenye afya njema aliyeamua kufunga asiache daku, anywe maji mengi usiku, na afungue mara moja akipata kizunguzungu au akihisi mtoto amepunguza kucheza.

Mtoto aanze kucheza lini, na tendo la ndoa lina madhara?

Wengi huhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mwenye mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Hakuna idadi moja inayowafaa wote. Kila mtoto ana desturi yake, na mama ndiye anayeijua. Desturi hiyo ikibadilika ghafla au ikikoma, asisubiri kesho.

Tendo la ndoa halimdhuru mtoto katika ujauzito usio na matatizo. Huepukwa pale mama anapotokwa na damu, chupa inapokuwa imepasuka, au kondo la nyuma linapokuwa limekaa chini na kuziba njia.

Maneno ya kusikia kituoni

Kwa wasikilizaji ambao Kinyarwanda si lugha yao ya nyumbani, maneno haya husaidia: kwipimisha inda ni kuhudhuria kliniki ya wajawazito, umuvuduko w'amaraso ni shinikizo la damu, umujyanama w'ubuzima ni mjanama wa afya wa kijiji, ikigo nderabuzima ni kituo cha afya, na ibimenyetso mpuruza ni dalili za hatari. Mama asiyeelewa ana haki ya kuomba aelezwe tena, na ni busara kumchukua ndugu anayeijua lugha hiyo.

Dalili zisizosubiri

Mjamzito afikishwe kituoni mara moja, usiku au mchana, anapopata mojawapo ya haya:

- kutokwa na damu ukeni, hata kama haina maumivu;
- maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu;
- degedege au kupoteza fahamu;
- uso na mikono kuvimba ghafla;
- maumivu makali ya tumbo yasiyoachia;
- homa;
- maji ya chupa kutoka kabla ya uchungu;
- kupumua kwa shida;
- mtoto kupunguza au kuacha kucheza.

Hatari haiishi mtoto anapozaliwa. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi, na ndiyo sababu tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali kutoka kituo kilichoko Muhanga. Homa, damu nyingi au usaha wenye harufu katika wiki sita za uzazi ni sababu ya kurudi kituoni.

Familia iweke tayari mapema kadi ya kliniki, uthibitisho wa bima, nauli, na mtu wa kubaki na watoto. Mjanama wa afya wa kijiji ndiye wa kwanza kuarifiwa, na gari la wagonjwa huitwa nchini Rwanda kwa kupiga simu namba 912.