Risasi ndogo kuliko mtutu: kutoka gobore hadi Albini



Juma lililopita, karibu na mabanda ya wahami, mtoto mmoja alikuja na kitu mkononi. Alikiokota shambani alipokuwa akimsaidia mama yake kulima. Kilikuwa kidonge cha chuma kilicholiwa na kutu, na hakikuwa hata duara kamili. Mzee mmoja akakigeuza kiganjani, akasema: "Hiki ni cha gobore. Babu zetu walikuwa nazo." Watoto wakacheka. Mmoja akauliza: "Babu, kitu kibaya hivi kiliweza kuua?"

Jibu ni ndiyo, lakini kwa karibu. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unatia kidonge, unashindilia kwa ufito. Ili kidonge kiingie, lazima kiwe kidogo kuliko mtutu. Tena baruti ya zamani iliacha masizi mengi, na kila baada ya kupiga, njia ilizidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo watu walitengeneza vidonge vidogo zaidi, wakavizungushia kitambaa au majani ili visitoke. Hasara yake ni kwamba nguvu ya baruti ilipenya pembeni, na kidonge kikaruka kikiyumba. Ukipita hatua mia moja, kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati tu.

Risasi halisi, yaani ile madini laini, ilitoka mbali na ilikuwa ghali. Wahunzi wetu hawakukaa mikono mitupu. Walikata na kufua chuma. Kule Katanga, enzi za Mwami Msiri wa Bunkeya, hata shaba ilifanywa vidonge vya bunduki. Lakini chuma na shaba ni vigumu, havitanuki ndani ya mtutu, kwa hiyo ilibidi vipunguzwe zaidi. Kile mtoto alichookota ni cha namna hiyo: kazi ya fundi aliyejua alichokosa.

Ulaya nao walihangaika na tatizo lilelile. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi ya madini laini yenye shimo nyuma. Iliingia kirahisi kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko mtutu, kisha baruti ilipowaka, sehemu ya nyuma ikatanuka na kushika mikato inayozunguka ndani ya mtutu. Mikato hiyo huizungusha risasi, nayo inakwenda moja kwa moja. Baadaye zikaja bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na risasi ndani ya ganda lake. Hapo haikuhitajika tena kuwa ndogo. Inaweza kuwa kubwa kidogo kuliko njia yake, ikaubana mtutu, na nguvu yote ikabaki nyuma yake.

Sasa tazameni jinsi tofauti hiyo ndogo ilivyogeuka kuwa sheria. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake, sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, ilikatazwa kuingiziwa bunduki mpya zenye mikato. Bunduki za gumegume, zisizo na mikato, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Majeshi ya serikali za kikoloni hayakufungwa na katazo hilo. Maana yake: wao risasi inayobana, sisi kidonge kinachoyumba.

Msiri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na watu waliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Kisha ikaja vita ya Maniema, kuanzia 1892 hadi 1894. Askari wa Force Publique walibeba Albini, bunduki ya Ubelgiji ya milimita 11, ya kupiga risasi moja moja. Wengi wa wapiganaji wa upande wa Waarabu na Waswahili walikuwa na magobore. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Lakini tusidanganyane, bunduki peke yake haikushinda. Ngongo Lutete alikuwa amehamia upande wa Dola pamoja na watu wake, na bila yeye mambo yangekuwa mengine. Malipo yake yalikuwa nini? Mwaka huohuo wa 1893 maofisa wa Dola walimpiga risasi.

Albini nayo ikazeeka. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Kongo bado walikuwa nayo, na moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali walipo. Upande wa Wajerumani pia, askari wengi wa Kiafrika walikuwa na Mauser ya 1871 yenye moshi uleule. Kwa migongo ya wapagazi, wengi wao wakafia njiani, jeshi la Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Ninyi mliolala porini mkisikia milio mnajua somo lake: bunduki bila risasi yake ni fimbo tu, na anayeleta risasi mara nyingi hakai pale zinapoangukia.

Kidonge kile cha kutu hakina hatari tena. Lakini risasi yenye ganda, hata ikiwa ya kale, baruti yake inaweza kuwa hai. Wazazi, waambieni watoto: wasiiokote, wasiigonge, wasiitupe motoni. Wekeni alama kwa mbali, kisha mwarifuni kiongozi wa kambi. Mzee wetu alimaliza hivi: "Hicho kimoja mtunzeni kama kumbukumbu. Vingine viacheni chini."